Hadithi, Habari na Mapendeleo ya Msomaji: Mpaka kati ya Bunilizi na Vitabu vya Maarifa katika Usomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya mapendeleo ya msomaji kati ya kazi za kubuni na vitabu vya maarifa kwa kuzingatia usomaji wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Inadaiwa humu kwamba kinachoitwa pendeleo la mtu binafsi aghalabu huwa ni alama iliyoachwa na mtihani, bei na mpangilio wa rafu. Aidha, mpaka kati ya aina hizo mbili za vitabu haukuchorwa katika Kiswahili mahali pale pale ulipochorwa katika lugha ambazo hojaji nyingi za utafiti hutungwa kwazo kwanza. Mifano imetolewa katika tarehe za pwani na bara, riwaya za Zanzibar, vitabu teule vya Kenya na Tanzania, na kampeni ya elimu ya watu wazima ya Tanzania. Sehemu ya mwisho inajadili maana ya hoja hizi kwa wizara na taasisi zinazonunua vitabu vya Kiswahili katika nchi ambako lugha hii inaanza kufundishwa kwa upana.

1.0 Utangulizi

Uamuzi wa kununua vitabu hufanywa kabla ya msomaji kujulikana. Nchini Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutekelezwa mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima kwa madarasa mawili ya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi itakayofundishwa katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda ilikwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikipandisha hadhi kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Kila hatua ya namna hiyo hufuatiwa na swali lisilopewa uzito katika hotuba: msomaji mpya wa Kiswahili atawekewa nini mezani, kando ya kitabu cha sarufi?

Majibu mawili husikika mara kwa mara katika vikao vya wapangaji. La kwanza hudai kwamba Mwafrika husoma kwa manufaa. Kwa hiyo apewe vitabu vya kilimo, afya, biashara na uraia, na riwaya zisubiri bajeti nono. La pili hudai kwamba mtoto hupenda hadithi kuliko kitu kingine chochote, hivyo apewe hadithi, na maarifa atayakuta katika masomo mengine. Majibu haya yanapingana, lakini yamejengwa juu ya dhana moja. Yote mawili yanachukulia kwamba msomaji anayo ladha yake thabiti, iliyokuwapo kabla ya kukutana na kitabu, na kwamba vitabu vya Kiswahili vinagawika pasi na shida katika rafu mbili. Dhana hiyo ndiyo inayohojiwa katika makala haya, kwa sababu fedha nyingi za umma hutumika kwa kuitegemea.

2.0 Maneno yenyewe

Inafaa kuanza na msamiati, maana hojaji yoyote kuhusu usomaji hulazimika kuutumia. Istilahi bunilizi inaeleweka vyuoni. Nje ya vyuo, mtu akiulizwa anapenda kusoma nini, atajibu kwa maneno mengine: hadithi, visa, habari, historia, vitabu vya dini, magazeti. Maneno hayo hayakupangwa kwa kigezo cha ukweli na ubunifu.

Chukua neno hadithi. Kwa mtoto aliyeketi na bibi yake jioni, hadithi ni ngano, na fomula ya kuianza katika sehemu nyingi za pwani na bara huwafanya wasikilizaji waukaribishe uongo waziwazi na kutaka utamu wake ukolee. Lakini neno hilo hilo, kwa Mwislamu yule yule, ni kauli ya Mtume iliyopokewa kwa mnyororo wa wapokezi wanaochunguzwa uaminifu wao mmoja mmoja. Hakuna maandishi yanayodaiwa uhakika mkali zaidi ya hayo. Neno riwaya lina asili inayofanana: katika Kiarabu ni upokezi wa habari, na masheikh wa pwani bado hulitumia kwa maana hiyo wanaposema kuna riwaya nyingine juu ya tukio fulani. Wasomi wa fasihi walilichukua neno hilo kuitia jina bunilizi ndefu ya nathari. Kisa nacho ni masimulizi, na papo hapo ni sababu. Mtu aliyepigwa bila kisa amepigwa bila sababu. Tarehe, ambayo leo ni siku ya mwezi, ilikuwa pia jina la maandishi ya historia ya mji au ukoo.

Mtu anaweza kusema kwamba hili ni jambo la etimolojia tu, na kwamba Waswahili wa leo wanajua vyema tofauti ya ngano na taarifa ya habari. Wanajua, bila shaka; fomula ya uongo na utamu inathibitisha kwamba walijua tangu hapo. Suala ni kwamba lugha haikulazimisha tofauti hiyo iwe ndiyo njia kuu ya kupanga vitabu. Kigezo kilichotumika zaidi ni kazi ya maandishi: yanaonya, yanaarifu, yanahifadhi kumbukumbu, yanachekesha, yanaliwaza. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni wosia wa mama kwa bintiye, na ni sanaa. Hapana shaka kwamba waliounakili hawakujiuliza uwekwe rafu gani.

3.0 Kitabu kimoja, rafu mbili

Mfano ulio bayana zaidi ni Uhuru wa Watumwa cha James Juma Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Katika historia nyingi za fasihi ya Kiswahili, kitabu hiki hutajwa kuwa riwaya ya kwanza, au angalau ya kwanza miongoni mwa zile zilizoandikwa na Mwafrika bila kutafsiriwa. Papo hapo, kinachosimuliwa ndani yake ni utekaji wa watu, safari ya kwenda pwani, kuokolewa baharini na meli ya Waingereza, na maisha ya waliowekwa huru katika makazi ya wamisionari ya Frere Town karibu na Mombasa. Mwandishi alikuwa mtoto wa jamii hiyo. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa na kuokolewa. Mhakiki anayekiita riwaya hutazama mpangilio wa matukio, mazungumzo yaliyoundwa upya na taswira. Anayekiita historia hutazama kumbukumbu za watu waliokuwapo. Na wapo wanaokikataa kwa sababu ya tatu isiyohusu umbo hata kidogo: sifa zinazomiminwa kwa Waingereza na wamisionari, ambazo kwao zinakifanya kuwa waraka wa kujipendekeza zaidi ya kitu kingine. Msomaji wa miaka ya 1930, hasa aliyetoka Frere Town, hakuwa na haja ya ugomvi huo. Alisoma habari za wazee wake, zikasimuliwa vizuri.

Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kilichotolewa upya Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1962, kinaleta tatizo kutoka upande wa pili. Kichwa chake kinaahidi habari, na kwa kweli ni chanzo kikuu cha historia ya ufalme wa Usambaa. Hata hivyo sehemu ya Mbegha, mwindaji mgeni anayefika milimani, akagawa nyama na hatimaye kutawazwa, ina muundo wote wa ngano: mtoto mwenye kisirani, kufukuzwa, safari, jaribio, ushindi. Mwanahistoria huichambua sehemu hiyo kwa tahadhari. Msomaji wa kawaida huifurahia kwanza, na haioni kuwa na upungufu wa ukweli kwa sababu inafurahisha.

Riwaya za Adam Shafi zinaonyesha sababu nyingine, ya kisiasa, inayoufanya mpaka huu uwe laini. Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, inamfuata mfanyakazi wa bandarini hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948 Zanzibar. Wasomaji wengi wa sekondari wa Tanzania walioifahamu habari ya mgomo ule waliifahamu kwa riwaya hii, kwa kuwa masimulizi mepesi ya kihistoria juu yake kwa Kiswahili hayakuwa mikononi mwao. Haini, ya mwaka 2003, inazungumzia kamatakamata na mateso ya gerezani yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini katika kipindi hicho. Miaka zaidi ya thelathini ilipita kabla ya habari hizo kupata kitabu cha namna hiyo, na zilipokipata, zilivaa vazi la bunilizi. Msomaji aliyetaka kujua yaliyotokea alichukua riwaya. Je, msomaji huyo anapenda bunilizi au anapenda historia? Hojaji yenye visanduku viwili itamlazimisha aweke alama mahali fulani, na alama hiyo haitakuwa na maana.

Yapo, kwa hakika, maandishi yasiyo na utata. Mwongozo wa ufugaji wa kuku si riwaya, na visa vya Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla si taarifa za polisi. Mzimu wa Watu wa Kale ulioshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960 ulipendwa kama fumbo la kufumbuliwa, na hakuna aliyedai uwe kitu kingine. Hoja hapa ni kwamba sehemu kubwa na yenye uzito ya maktaba ya Kiswahili, ile ambayo watu huirudia, imo katikati ya ncha hizo.

4.0 Mtihani kama mfinyanzi wa ladha

Mwaka 1978 Louise Rosenblatt, mtaalamu wa nadharia ya usomaji wa Marekani, alitoa kitabu kilichohamisha swali hili kutoka kwa kitabu na kulipeleka kwa tendo la kusoma. Kwa muhtasari, alitofautisha msimamo wa msomaji anayesoma ili abaki na kitu baada ya kufunga kitabu, na msimamo wa yule ambaye faida yake imo katika muda wenyewe wa kusoma. Misimamo hiyo inaweza kuitwa kwa Kiswahili usomaji wa kuchota na usomaji wa kuonja. Jambo la msingi katika nadharia yake ni kwamba maandishi yale yale huweza kusomwa kwa namna zote mbili, na kwamba wasomaji huteleza kati yake hata katika ukurasa mmoja.

Nadharia hii inaeleza vizuri kinachotokea kwa riwaya ya Kiswahili shuleni. Nchini Kenya, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la lazima, kila kizazi cha wanafunzi wa sekondari kimepitia riwaya, tamthilia na hadithi fupi teule: Utengano na Siku Njema kwa wengine, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri kwa waliofuata. Ni mafanikio makubwa. Ni nchi chache za Afrika zinazoweza kusema kwamba karibu kila mhitimu wa sekondari amesoma riwaya nzima katika lugha ya Kiafrika. Tanzania, kwa Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, inaweza kusema hivyo pia.

Lakini alisoma vipi? Karatasi ya mtihani humtaka mtahiniwa aweke dondoo katika muktadha wake, ataje mbinu za lugha, aeleze sifa za mhusika na umuhimu wake, na ajadili maudhui kwa hoja zinazohesabika. Kila mojawapo ya maswali hayo ni halali. Yakijumlishwa pamoja, humfundisha mwanafunzi kwamba riwaya ni ghala la majibu. Ndipo mwongozo unapoingia. Mwongozo ni kitabu cha maarifa kuhusu kitabu cha kubuni, chenye muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na maswali yaliyojibiwa, na wako wanafunzi wanaousoma badala ya riwaya yenyewe. Mwalimu aliyebanwa na silabasi mara nyingine huuhimiza. Hapo msomaji anakuwa amechota kutoka riwaya bila kuigusa, na kimtihani hakupoteza kitu.

Mhitimu huyu anapoulizwa miaka kumi baadaye kama anapenda riwaya za Kiswahili, akajibu kwamba hapendi, mtafiti huandika pendeleo. Ingekuwa sahihi zaidi kuandika kumbukumbu ya karatasi ya mtihani. Jirani yake anayejibu kwamba anapenda vitabu vya kuhamasisha na vya biashara huenda naye anaendeleza tabia aliyoipata pale pale: kitabu chema ni kile ambacho mtu hutoka nacho na hoja tano. Kwa mtazamo huu, wingi wa vitabu vya kujiendeleza katika meza za wauza vitabu wa mitaani hauthibitishi kwamba wasomaji wamekimbilia maarifa na kuiacha fasihi. Unaonyesha kwamba shule imefaulu kuwafundisha namna moja ya kusoma.

Upande wa pili wa mfumo huo huo haujapata kusemwa vya kutosha. Karatasi ya fasihi ya Kenya ina nafasi ya riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Tawasifu haimo. Insha ya kifasihi haimo, wala wasifu, wala kitabu cha safari. Ken Walibora aliandika Siku Njema, riwaya iliyosimuliwa katika nafsi ya kwanza na kusomwa na wanafunzi wengi wa Kenya, na mwaka 2014 akatoa tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Vitabu hivyo viwili ni vya mkono mmoja, na ufundi wa kusimulia ni ule ule. Kimoja kilikuwa na mlango wa kuingilia darasani. Cha pili hakikuwa nao. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, na aliandika Maisha Yangu na Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo akimjua wa kwanza na asijue kwamba wa pili na wa tatu wapo. Kwa hiyo hata nathari ya hakika iliyo bora kabisa katika Kiswahili haikupata nafasi ya kupendwa wala kuchukiwa.

Tuzo zinafuata mkondo huo. Washindi wa mwaka wa kwanza wa tuzo ya Mabati-Cornell, mwaka 2015, walitoka katika riwaya na ushairi. Mwandishi kijana mwenye kipaji cha nathari ya hakika huona njia iko wapi, naye huifuata.

5.0 Tafiti za nje na mipaka yake

Washauri wa sera hupenda kunukuu tafiti za nje, na baadhi ni nzuri. Mwaka 2019 John Jerrim na Gemma Moss walichapisha uchambuzi wa data za tathmini ya PISA kuhusu vijana zaidi ya 250,000 katika nchi 35 zenye viwanda, wakaona kwamba vijana wanaosoma bunilizi mara kwa mara wana stadi bora za kusoma, na kwamba uhusiano kama huo haukuonekana kwa magazeti, vibonzo au vitabu vya maarifa. Miaka 19 kabla yao, Nell Duke alikuwa ameingia katika madarasa 20 ya darasa la kwanza Marekani akakuta watoto wakitumia wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku kwa matini za kuarifu, akahoji vipi watazimudu ngazi za juu. Utafiti wa kwanza humpa nguvu mtetezi wa riwaya. Wa pili humpa nguvu mpinzani wake. Yako pia madai maarufu ya David Kidd na Emanuele Castano ya mwaka 2013 kwamba kusoma bunilizi ya kifasihi kwa muda mfupi huongeza uwezo wa kutambua hisia za wengine. Majaribio ya kuurudia utafiti huo yalishindwa kupata matokeo yale, na ni vyema yasitumike kama msingi wa bajeti ya mtu yeyote.

Tafiti mbili za kwanza zilifanywa mahali ambapo rafu zote mbili zimejaa. Kijana wa Finland anayechagua riwaya ameacha nyuma yake vitabu vingi vya maarifa vya umri wake katika lugha yake. Kijana wa Kampala au Kigali anayetafuta kitabu cha Kiswahili juu ya nyota, mashine au historia ya Maziwa Makuu, kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa miaka 14, atatafuta sana. Hawezi kupendelea kisichokuwapo. Kwa sababu hiyo matokeo ya PISA hayawezi kuletwa huku moja kwa moja, na hali kadhalika hofu ya Duke, kwa kuwa mtoto wa Afrika Mashariki hukabiliwa na upungufu wa aina zote mbili.

6.0 Wasomaji wasiotahiniwa

Tanzania ya miaka ya 1970 inatoa mfano wa karibu na jaribio la kweli. Kwa takwimu rasmi, zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika mwaka 1967. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 idadi hiyo ilishuka hadi karibu asilimia 10. Dola iliwaandikia wasomaji hawa wapya vitabu vya manufaa: pamba, migomba, uvuvi, mifugo, afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha redio, vikundi vya kujifunza na vitabu. Magazeti ya vijijini yalianzishwa ili stadi isipotee. Kwa vigezo vyake, kazi hiyo ilikuwa kubwa, na watu walichimba vyoo kweli.

Katika muongo huo huo, bila msaada wa dola na mara nyingine wakilaumiwa na wahakiki wa vyuoni, waandishi wa riwaya pendwa walipata wasomaji. Faraji Katalambulla alikuwa ametangulia kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimtoa mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakachakaa. Si lazima wasomaji wake wawe wale wale wa vitabu vya pamba. Wengi walikuwa vijana wa mijini waliokwisha kusoma shule. Hata hivyo inafaa kuangalia walichokikuta humo. Kufa na Kupona inahusu siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilizoibwa, jambo lililokuwa siasa hai ya Dar es Salaam ya wakati ule. Msomaji alifuata risasi na mbio za magari, na njiani akapata ramani ya ukombozi wa bara. Vitabu vya pamba navyo, vikisomwa na watu waliokuwa wakishika kitabu kwa mara ya kwanza, viliwapa furaha ambayo haikuandikwa katika malengo ya mradi: kuona neno likitii.

Hadithi za mfululizo katika magazeti ya Tanzania ziliendeleza mchanganyiko huo. Eric Shigongo, aliyejulikana kwa hadithi hizo, alijulikana pia kama mhamasishaji wa watu kujikwamua kimaisha, na hadhira yake haikuona ajabu yoyote. Iliyasoma yote mawili kwa swali lile lile: mtu aliyekuwa chini aliinukaje?

Bei haihitaji maelezo marefu. Kaya inayoweza kununua kitabu kimoja kwa muhula itanunua kile kinachodaiwa na shule. Pendeleo linaloonekana katika mauzo ni la mtayarishaji wa mtaala.

7.0 Maana yake kwa sera

Hatua ya kwanza inahusu namna ya kuuliza. Hojaji iliyotafsiriwa, inayomtaka msomaji wa Kiswahili achague kati ya bunilizi na isiyo bunilizi, ikomeshwe. Ni afadhali kumwuliza kitabu cha mwisho alichokisoma bila kulazimishwa kilikuwa kipi, alikipata wapi, alikimaliza au alikiacha katikati, na alimsimulia nani. Majibu ya namna hiyo huchosha kuyachanganua, lakini yanabeba taarifa.

Hatua ya pili inazihusu bodi za mitaala, na gharama yake ni ndogo. Orodha ya vitabu teule iwe na nafasi moja ya nathari ya hakika: tawasifu, wasifu au kitabu cha safari. Vitabu vipo. Maisha Yangu na Wasifu wa Siti binti Saad ni mahali pa kuanzia, na Mbali na Nyumbani, tawasifu ya Adam Shafi ya mwaka 2013, ingeweza kusomwa sambamba na Kuli ili wanafunzi wajadili mwandishi yule yule anafanya nini anapobuni na anafanya nini anapokumbuka. Kuna hatari ya wazi, nayo ni kwamba tawasifu itaandikiwa mwongozo ndani ya mwezi mmoja. Hivyo nafasi hiyo isiongezwe bila kupunguza maswali ya dondoo na kuweka angalau swali moja ambalo jibu lake haliwezi kupatikana kwa mtu ambaye hakusoma kitabu.

Kwa nchi zinazoanza, kama Uganda na Rwanda, kishawishi cha kuacha riwaya hadi baadaye kina nguvu, kwa kuwa kitabu cha maarifa hueleweka haraka katika ripoti kwa mfadhili. Kishawishi hicho kikataliwe. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu anahitaji wingi wa sentensi zilizounganishwa, na masimulizi humvuta afike ukurasa wa mia, jambo ambalo aya za maelezo haziwezi kwa urahisi. Wakati huo huo, mwanafunzi wa Gulu ambaye Kiswahili kwake kimebeba kumbukumbu chungu za lugha ya askari hatashawishiwa na ngano za sungura peke yake. Anahitaji kukiona Kiswahili kikieleza mambo mazito: sheria, mwili wa binadamu, historia ya eneo lake mwenyewe. Vitabu hivyo vingi havijaandikwa, na fungu la kuvitungia lina haki ya kukaa katika bajeti kando ya fungu la kununua.

Mwisho, maktaba za umma na za shule zina daftari za kuazima. Zinaweza kuonyesha kitabu gani kilichukuliwa wakati wa likizo, pale mtihani ulipokuwa mbali, na hilo ni karibu zaidi na pendeleo kuliko takwimu za mauzo. Daftari zina kasoro yake: haziwezi kuhesabu nakala moja ya riwaya inayozunguka bweni zima kabla ya kurudishwa, wala kitabu kilichosomwa kwa sauti kwa wazazi wasiojua kusoma. Mtafiti atakayezitumia itampasa aende pia bwenini na nyumbani, akaulize kitabu kimefika kwa nani.